Mwendo wa Malkia

Bibi alikuwa anakwenda bila kutembea, na kila mara alikuwa anakwenda mbali zaidi.

Mara ya kwanza alikutwa mbele ya duka la vioo, mtaa wa pili kutoka nyumbani, asubuhi watu wakifungua biashara. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao chenye mto wa kahawia, kile kile cha sebuleni, blanketi magotini, kikombe cha chai mkononi. Chai ilikuwa bado ya moto. Mwenye duka alimpa shikamoo, kisha akamwomba asogee kidogo, maana kulikuwa na kioo cha kabati kinatolewa nje. Bibi akasema yeye hasogei, magoti hayamruhusu, kama wana haraka wambebe. Vijana wawili wakambeba na kiti chake, kioo kikapita, wakamrudisha pale pale.

Mwanawe alikuwa fundi wa kufuli. Kabla ya kwenda kumchukua alikagua mlango wa nyumba. Ulikuwa umefungwa kwa ndani na komeo limeingia mpaka mwisho. Kufuli ile aliitengeneza kwa mikono yake. Kwamba mama yake yuko barabarani, hilo alilipokea. Kwamba ametoka na kufuli haikuguswa, hilo alilihesabu kuwa dharau.

"Mama, umetokaje?"

"Sijatoka. Nimekaa tangu asubuhi. Wewe ndiye umechelewa kuamka."

Hakuna aliyewahi kumwona akienda. Ilikuwa kama mshale mfupi wa saa: ukiukodolea macho umesimama, ukigeuka kuzima jiko ukirudi umeshasogea. Mke wa fundi aliinama kuokota ufagio, alipoinuka mkwewe hakuwepo sebuleni, na pale kiti kilipokuwa kimekaa palibaki na joto kidogo. Mke wa fundi akafagia pale pia, kwa kuwa ufagio ulikuwa tayari mkononi.

Gari pekee katika familia lilikuwa la mkate, na lenyewe lilikuwa la kiwanda. Dereva wake alikuwa mjukuu wa Bibi, binti wa fundi, mwanamke mrefu asiyependa kuongea kabla hajamaliza kusambaza mikate. Kwa hiyo kazi ya kumrudisha Bibi ikamwangukia yeye. Akimaliza duka la mwisho anaanza kuuliza watu njiani kama wamemwona bibi mmoja kwenye kiti. Watu walikuwa wanamwona. Walimwelekeza bila shida, kama mtu anavyoelekezwa ilipo posta. Kiti kinaingia nyuma kati ya trei, Bibi anakaa mbele, wanarudi.

Siku ile ya duka la vioo Bibi alivua ndala yake ndani ya gari, akaikung'uta dirishani. Zikamwagika changarawe.

"Hizo umezitoa wapi?" mjukuu akauliza. "Mtaa mzima ule ni lami."

Bibi alichukua punje moja, akaisugua kati ya vidole, akainusa. "Hii naijua. Hii ni ya sanduku la tatu. Leo ilikuwa ile ya mlinzi wa bustani."

"Mlinzi gani?"

"Wa kwenye picha, mke mwenzangu. Tazama mbele, utatugonga."

Hapo ndipo mjukuu alipoanza kuuliza. Alijua tangu utoto kwamba Bibi aliwahi kufanya kazi kwenye studio ya filamu, ile yenye geti la chuma upande wa viwandani, lakini nyumbani jambo hilo lilitajwa kama inavyotajwa homa ya zamani: ilikuja, ikapita. Sasa Bibi akawa anamsimulia kidogo kidogo, safari kwa safari, huku trei zikigongana nyuma.

Hakuigiza. Alitengeneza nyayo. Picha ilipopigwa, majumba yote ya kifahari yalikuwa mbao zilizopakwa rangi ya marumaru, na tajiri akitembea juu yake alisikika kama mtu anayegonga debe. Kwa hiyo sauti ya miguu ilifutwa yote. Bibi aliingia chumba kisicho na dirisha, akavaa viatu vya mhusika, akatazama picha ukutani, akatembea papo hapo, hatua kwa hatua na yule wa kwenye picha. Mbele yake kulikuwa na kipaza sauti kimoja kilichofungwa kwenye mguu wa chuma, kwa hiyo hakuruhusiwa kusogea. Sakafuni kulikuwa na masanduku yasiyo na vifuniko: la mchanga, la changarawe, la saruji, la vigae. Majani yalikuwa rundo la kanda kuukuu za sauti. Matope yalikuwa magazeti yaliyolowekwa. Alikuwa polisi, mwizi, bwana harusi na mama wa bwana harusi, mara nyingine katika asubuhi moja. Mafundi wa sauti walimwita Kishindo.

"Na farasi?"

"Farasi nilimfanya kwa mikono, kwa vifuu vya nazi. Mikono haidai. Miguu ndiyo inadai." Akajikanda goti. "Wao walikuwa wanakwenda, mke mwenzangu. Mimi niliachiwa kutembea tu. Ulidhani mwendo ule wote umeoza?"

Mjukuu hakudhani chochote. Alipiga honi kumtoa mbuzi barabarani.

Safari zilizofuata zilikuja kwa mpangilio ule ule wa zamani, kama zilivyorekodiwa. Ya mtumishi anayevuka ukumbi na sinia ilimfikisha Bibi kwa kinyozi tu. Ya karani anayepanda ngazi kuomba radhi ilimfikisha ghorofa ya nne ya jengo la ofisi, ambako alikutwa kwenye foleni, na watu wawili nyuma yake. Ya mwizi ilimweka juu ya paa la ghala, na fundi wa kufuli akaenda na ngazi.

"Mama, shuka taratibu."

"Ningekuwa na uwezo wa kushuka ningekuwa na uwezo wa kukataa kupanda," Bibi akasema kutoka juu. "Lete kamba."

Fundi alijaribu anachokijua. Alifunga kiti sakafuni kwa boliti nne nene. Asubuhi boliti zilikuwa pale pale, zimekazwa vizuri, na kiti kilikuwa kwenye kituo cha mafuta. Akabadilisha kufuli zote za nyumba. Majirani wakasema hajawahi kufanya kazi nzuri namna ile, wawili wakaagiza za kwao.

"Kutembea bure si sawa na kukaa bure," Bibi alimwambia alipomwona ameinamia komeo jipya. Fundi alimtazama kuona kama anatania. Haikujulikana.

Aliyeuliza swali lenyewe alikuwa mjukuu. Walikuwa wanatoka kituo cha mafuta. "Bibi, picha zilikuwa zinarefuka?"

"Zilirefuka. Watu walipenda ndefu."

"Ndefu kuliko zote ni ipi?"

Bibi alitazama taa mpaka ikawa ya kijani. "Ile ya Malkia. Anavuka jangwa kumfuata mumewe."

Malkia alikuwa mwigizaji mkubwa kuliko wote wa studio ile, na kilichompa ukubwa kilikuwa mwendo. Akiingia mahali kwenye picha, kabla hujamwona unamsikia: ta, ta-shaa. Ta, ta-shaa. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unachelewa kidogo na kujikokota, kama mtu anayeondoka lakini hataki. Wanaume waliacha kula karanga wakisikia.

Mguu ule ulikuwa wa Bibi. Akiwa mtoto, gurudumu la mkokoteni lilimpanda wayo wa kushoto, na tangu hapo ukawa unachelewa. Kazini aliuficha: alifunga mpira wa baiskeli kwenye kifundo cha mguu ili uinuke haraka, na kila mhusika akatoka na miguu miwili mizima. Siku ya picha ya kwanza ya Malkia alikuwa amechoka, akasahau mpira nyumbani. Fundi sauti mkuu aliposikiliza akashika kichwa, akasema irudiwe, lakini picha ilikuwa inaondoka jioni ile ile kwenda kwenye majumba ya sinema. Ikaenda hivyo. Baada ya wiki chache wasichana wa mji wote walikuwa wanakokota mguu wa kushoto. Mafundi viatu walikula vizuri kwa soli za upande mmoja. Mabango yakabandikwa: Njoo usikie mwendo wa Malkia. Na kwa sababu watu walitaka kumwona akitembea pia nje ya picha, Bibi aliitwa ukumbini wakati wa mapumziko, akamfundisha Malkia kuchechemea.

"Hawakukuandika popote?" mjukuu akauliza.

"Waliandika mpaka aliyeleta maua. Nyayo ziliandikwa kwa mwenye miguu inayoonekana."

"Na kule jangwani alitembea mwenyewe?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Jangwani! Lilikuwa shimo la machimbo, nyuma ya kiwanda cha chokaa. Mchanga ulimchoma. Wakamsimamisha juu ya ubao, wanaume wanne wakamvuta kwa kamba, picha ikapigwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Alijua sana kutikisa mabega. Miguu nikaileta mimi. Msimu mzima wa mvua niko kwenye sanduku la mchanga. Nje mvua, ndani jangwa."

"Na anafika? Anampata mume?"

"Picha inakwisha anatembea. Mkurugenzi alisema akifika watu watalia kidogo, asipofika watalia sana."

Mjukuu alisimamisha gari kando ya barabara, ingawa hapakuwa na duka. Alikaa hivyo akishika usukani. Picha ambazo Bibi alikuwa ameshazilipa alizihesabu kwa vidole, na zilizobaki kabla ya ile ya jangwa hazikumaliza vidole vya mkono mmoja.

Familia ikakaa sebuleni ikajadili. Bibi alikuwepo, anatenganisha mchele na mawe. Fundi alisema jambo liko wazi kama kufuli mbovu: safari ina jina la mtu, na mtu huyo yuko hai, anakaa nyumba yenye bustani upande wa juu wa mji. Kwenye geti la studio nyayo zake zimechongwa kwa shaba, watu wanapigia picha. Kama nyayo ni zake, basi safari ni yake, aje aichukue. Kama si zake, aseme mbele za watu, labda mwendo utajua umekosea mahali na kupungua. Mkewe alisema hajawahi kusikia mwendo unaojua kitu. Fundi akasema hajawahi kusikia pia kiti kinachopita kwenye komeo, lakini boliti zile pale.

Wakaenda na gari la mkate, mchana.

Malkia aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mzee safi, mweupe wa nywele, shingo bado ndefu. Alimshika Bibi mikono yote miwili.

"Kishindo! Bado uko duniani?"

"Niko. Napitapita."

"Nimesikia. Wanasema ulikuwa juu ya paa."

"Ile ilikuwa ya mwizi. Yako bado."

Wakaletewa chai. Malkia aliweka miguu yake juu ya kigoda chenye mto. Ilikuwa miguu laini kama ya mtoto aliyelala. Fundi aliangalia kufuli ya mlango, akaona ni ya bei rahisi. Mjukuu ndiye aliyeeleza. Hakupamba. Alisema safari ya jangwa inakaribia, haina mwisho, na bibi yake hana magoti. "Bi mkubwa, tunaomba moja kati ya mawili. Ama uichukue safari, ama uliachie jina."

Malkia alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. Aliweka kikombe chini, akatazama dirishani.

"Mwanangu, nikuambie. Sauti yangu ya kuongea kwenye picha zile ilikuwa ya dada mmoja mfupi. Ya kuimba ilikuwa ya mwingine, marehemu. Mimi nilikuwa uso. Uso wenyewe ndio huu, unauona ulipofika. Nikiachia na mwendo, watanikumbuka kwa nini?"

"Basi chukua safari," Bibi akasema.

"Kwa magoti haya?"

"Na haya yangu?"

Malkia aliyatazama magoti ya Bibi, yaliyovimba chini ya khanga kama mikate miwili, halafu yake. Chai ikapata utando.

"Nyayo zitabaki zangu, Kishindo," akasema mwishoni, kwa upole. "Safari itabidi uende wewe. Mimi sijazoea kutembea."

Akainuka kuwasindikiza, na kwa heshima yao akatembea ule mwendo wake mpaka mlangoni. Ta, ta-shaa. Bibi, aliyekuwa amebebwa na mwanawe, alimtazama miguu.

"Unakokota wa kulia," akasema. "Ni wa kushoto."

"Alaa. Asante." Malkia akabadilisha.

Walipofika nyumbani Bibi alisema chai ilikuwa nzuri.

Iliyobaki ilikuwa kumtazama. Mke wa fundi ndiye aliyegundua: kama hakuna aliyewahi kumwona akienda, basi akionwa haendi. Wakagawana zamu. Fundi alifunga karakana akachukua asubuhi, mkewe mchana, mjukuu kuanzia alipomaliza mikate, na usiku wakaupanga kwa kupokezana. Kupepesa macho hakukuhesabiwa. Kusinzia kulihesabiwa, kwa hiyo walikunywa kahawa nyingi. Picha ndogo zilizotangulia zikaja na kupita mle mle sebuleni bila kumpeleka popote, na familia ikapumua. Fundi alisema kumbe kufuli nzuri kuliko zote ni jicho. Alipenda sana alivyosema, akarudia kwa jirani.

Kisha ikaja ya jangwa.

Iliingia asubuhi, fundi akiwa zamu. Alisikia chini ya kiti: ta, ta-shaa. Miguu ya Bibi ilikuwa imetulia ndani ya ndala, lakini sauti ilitoka pale pale, haiendi mbele wala nyuma. Haikukoma. Waliongea juu yake, wakala juu yake, wakawasha redio juu yake. Bibi akaanza kutoka jasho na kuomba maji kama mtu aliye njiani. Midomo yake ikakauka. Mchanga ukaanza kutoka chini ya kiti, kidogo, halafu ndoo, halafu ndoo nyingi, na mke wa fundi akawa anauzoa na kuumwaga uani bila kumwondolea mkwewe macho, jambo ambalo si rahisi. Jirani akaja kuuliza kama mchanga ule una mwenyewe, maana anapiga lipu ukuta wake. Akaambiwa achukue. Alisema ni mchanga mzuri, hauna chumvi.

Sakafu ikaanza kulika. Chini ya ndala za Bibi saruji ilibonyea, kwanza kama sahani, halafu kama bakuli. Magoti yake yakavimba mpaka khanga ikawa haifungi. Alikuwa anatembea bila kwenda, kama zamani, ila zamani jioni walizima taa wakamruhusu aende nyumbani. Sasa nyumbani ndiko alikokuwa, na taa hazikuzimwa, kwa sababu walihitaji kumwona.

Mchana mmoja wote watatu walikuwepo, wamepanga viti mbele yake. Bibi alinyanyua uso.

"Mmenichoka?"

"Hapana, Mama," mke wa fundi akasema.

"Mimi nimechoka. Miaka yote ile hakuna aliyenitazama nikitembea. Sasa nimekaa, ndiyo mnanitazama." Akafuta jasho kwa ncha ya khanga. "Acheni. Mwendo unaoenda unachosha miguu tu. Huu wa kubaki pale pale unakula mpaka moyo. Mimi naujua, ndiyo kazi yangu."

"Ukienda hutarudi," fundi akasema. "Picha haina mwisho."

"Picha ina mwisho. Malkia ndiye hana."

"Sasa si ndiyo hiyo hiyo, Mama?"

"Nitaona," Bibi akasema. "Sijawahi kuona kinachofuata baada ya pale. Taa zilikuwa zinawaka, watu wanachukua makoti. Na wewe acha kulia, kufuli zitashika kutu."

Fundi hakuwa analia sana. Aliinuka, akaenda mlango wa mbele, akafungua kufuli ya juu, ya chini na komeo, akauacha wazi. Hapakuwa na haja, alikuwa anajua. Halafu akafungua na dirisha. Mkewe akaleta blanketi zito na chupa ya maji, akamvua Bibi ndala akamvalisha viatu vya kufunga kamba. Mjukuu akaweka mkate mmoja mapajani kwake, ule mrefu, ambao haujakatwa.

"Mke mwenzangu, huu si wa mteja?"

"Mteja atasubiri."

Wakageuza viti vyao, wakatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la rangi na doa la maji lenye umbo la kiatu. Wakalitazama doa. Nyuma yao sauti ikaendelea papo hapo kidogo, kama haiamini. Kisha ikasogea. Ta, ta-shaa, ikavuka sebule. Ikabadilika mlangoni, kwa sababu mlangoni kuna kizingiti cha mbao. Ikashuka ngazi ya mbele, ikaingia kwenye changarawe za uani, ikatoka. Kule studio, nyayo za mtu anayekwenda mbali zilitengenezwa kwa kuzungusha kitasa taratibu mpaka sauti iishe, huku Bibi akiwa pale pale. Hii ilikwisha kwa kwenda.

Walipogeuka palikuwa na shimo la sakafu tu.

Mjukuu alimfuata kwa gari la mkate. Alimkuta machimboni nyuma ya kiwanda cha chokaa, wakala kipande cha mkate. Siku iliyofuata alimkuta lami inapoishia. Bibi alikuwa amechomwa na jua, na magoti yamepungua. Walikaa kivulini mwa gari. Mjukuu alimuuliza kama anaogopa, Bibi akasema anachoogopa ni kwamba mchanga wa kweli unasikika vibaya kuliko ule wa sandukuni, ni mkavu mno, fundi sauti mkuu asingeukubali. Kisha akamwomba ageuke, kwani amechelewa. Mjukuu aligeuka, akajifanya anaangalia tairi. Siku ya tatu gari lilizama mchangani mpaka kwenye ekseli, na aliyelivuta alikuwa dereva wa lori la kokoto, ambaye alisema ndiyo, amempita bibi mmoja kwenye kiti, mbele kabisa, na anawasalimu.

Tangu hapo salamu huja na malori. Anasema bado ni mchanga. Anasema mkate umekwisha lakini amepewa mwingine. Anasema usiku kuna nyota na hakuna anayemwambia arudie.

Mwaka ule studio ilimfanyia Malkia sherehe. Picha ya jangwa ilionyeshwa tena mchana, kwenye jumba lile la zamani, bure kwa wote. Fundi wa kufuli alikwenda. Alikaa nyuma, akafumba macho tangu mwanzo, akamsikiliza mama yake mpaka mwisho. Watu walilia sana, kama mkurugenzi alivyokuwa amesema. Kisha Malkia alipanda jukwaani, akakokota mguu wa kushoto, akapigiwa makofi wamesimama. Getini, chini ya zile nyayo za shaba, walikuwa wameweka kibao kipya kikubwa zaidi, chenye jina lake.

Fundi alimuuliza mlinzi wa geti kama jina jingine linaweza kuongezwa.

"La nani?"

"La mama yangu."

"Aliigiza nini?"

"Alitembea."

Mlinzi alikitazama kibao, kisha akamtazama fundi bila ubaya. "Mzee, anayetembea kwenye ile picha ni Malkia. Hukuiangalia?"

"Nilifumba macho," fundi akasema, akaenda zake.

Kilichopotea ni hiki. Kiti cha mbao na mto wake. Blanketi zito, lile zuri. Kikombe kimoja katika seti, kwa hiyo seti haijakamilika. Klachi ya gari la mkate, na maduka mawili yaliyochoka kusubiri yakahamia mkate wa wengine. Shimo la sebuleni limezibwa kwa mchanga wake lenyewe na saruji kidogo, ila pale pana rangi tofauti, na wageni hulikwepa bila kujua kwa nini. Kufuli ya mlango wa mbele fundi haifungi tena, mchana wala usiku, kwa hiyo mwizi aliingia akachukua redio. Redio moja. Bibi mmoja.